Siti binti Saad, Sauti Isiyopotea

Simama kando ya Ziwa Singidani umtazame mtu akipasua kuni ng'ambo. Utaona shoka likitua kwanza, kisha ndipo usikie mlio wake. Sababu ni kwamba sauti ni mtetemo upitao hewani, nao huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, basi kilometa moja huichukua karibu sekunde tatu. Baada ya hapo hufifia ikapotea. Lakini yuko mwanamke mmoja ambaye sauti yake haikupotea.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, watu wa jirani zetu wa magharibi, na mama yake Mzigua. Zama zile zilikuwa za utumwa, naye akapewa jina la Mtumwa. Hakupata shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza huku akivinadi kwa kuimba.

Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole. Kikiwa kizima hulia. Kikiwa na ufa hutoa mlio butu. Watu wengi walimdharau Siti kwa umaskini, ukoo na sura yake, lakini walipomsikia walijua kuwa ni chungu kizima. Sikio haliulizi ukoo. Kiwambo chake hutikiswa na mawimbi ya hewa tu: mitetemo ikiwa mingi kwa sekunde, tunasikia sauti nyembamba, ikiwa michache, sauti nene. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo 20 mpaka kiasi cha 20,000 kwa sekunde.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na muziki. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili, watu wote wakafahamu. Nyimbo zake zilitetea wanyonge na wanawake waliodhulumiwa.

Mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, akaimba mbele ya mikrofoni. Mawimbi ya sauti yake yaligeuzwa kuwa umeme, umeme ukatikisa sindano, nayo ikachora mfereji mwembamba katika nta. Kutoka hapo zikafanywa santuri zizungukazo mara 78 hivi kwa dakika. Sindano ya gramafoni ikipita katika mfereji ule hutetemeka kama ilivyotetemeka ile ya kwanza, na hewa ikatetemeka tena. Hivyo mtu asiyepata kufika Unguja aliweza kumsikia Siti nyumbani kwake.

Bibi huyu alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Koo lake limenyamaza, lakini mfereji ungalipo.

Wenzangu, tusimpime mtu kwa nguo wala kabila lake. Tumgonge kwanza, tusikilize mlio.