Simba wa Witu, sultani aliyefanya msitu kuwa ukuta wa kasri lake

MSAFIRI anayepanda Mto Ozi kutoka Kipini hufika Kau, kijiji kidogo kilichowahi kuwa bandari ya mpunga na pembe za ndovu. Hapa ndipo Ahmad bin Fumo Luti, aliyejulikana pwani nzima kwa lakabu ya Simba, alipopata makao baada ya kupoteza kiti cha mababu zake kisiwani Pate.

Simba alikuwa wa ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate kwa karne nyingi. Ukoo huo ulizoea nyumba za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene zilizosilibwa kwa chokaa, zidaka za kuwekea vyombo vya thamani, na milango ya nakshi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu mno, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa hati ya nasaba: aliyeimiliki alihesabiwa kuwa mwungwana, kama vile majumba ya mashambani yalivyotambulisha makabaila wa Uingereza.

Uhasama na masultani wa Zanzibar wa ukoo wa Busaidi ulimwondolea Simba yote hayo. Alivuka bara, akakaa Kau, kisha katika miaka ya 1860 akajichimbia Witu, kaskazini mwa mto huo.

Witu haikuwa na matumbawe wala bahari, ila ilikuwa na msitu. Simba akauacha usimame ukiwa ukuta wa kwanza. Ndani yake kulizungushwa boma la magogo mazito lenye malango yaliyolindwa, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba. Humo nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa kwa makuti. Kwa mwana wa Pate huko kulikuwa kushuka hadhi, lakini kwa mtawala anayewindwa ilikuwa busara, kwani mizinga ya merikebu haikuweza kufika huko.

Nguvu ya boma hilo ilitokana pia na watu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, waliojulikana kama watoro, walikimbilia Witu wakapokewa. Walilima, na wakashika silaha kumlinda aliyewahifadhi. Kwa matajiri wa Lamu na Zanzibar, Witu ilikuwa pango la wahalifu. Kwa mtoro, ilikuwa mahali pa kulala bila hofu ya mnyororo.

Hata hivyo, Simba alijua kwamba miti peke yake haitamtosha. Mwaka 1867 alipotembelewa na Mjerumani Richard Brenner, aliomba ulinzi wa Prussia. Jibu lilichelewa hadi Aprili 8, 1885, alipotia saini mkataba wa kuwauzia ardhi ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Mei 27 mwaka huo Ujerumani ilitangaza Witu kuwa chini ya himaya yake. Sultan Barghash wa Zanzibar alilalamika, lakini manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake mwezi Agosti, hakuwa na la kufanya.

Simba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1880, akiamini ameuachia ukoo wake mlinzi. Fumo Bakari, aliyemrithi, aliona mlinzi huyo akiondoka. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Ujerumani iliikabidhi Uingereza Witu, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Wenyeji hawakuulizwa.

Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel alifika na wenzake kupasua mbao katika msitu ule ule uliokuwa ukuta wa mji. Ukazuka ugomvi, na Küntzel na wengi wa wenzake wakauawa. Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza aliteremsha majeshi Kipini, akapenya msituni na kuuteketeza mji.

Majengo ya mawe ya Pate na Ungwana yameacha magofu ambayo wasomi wameyapima. Boma la Simba liliungua, na magogo hayaachi gofu. Pengine ndiyo sababu jina lake halitajwi sana, ingawa suala lililomsumbua, la nani mwenye haki ya kutia saini juu ya ardhi ya Ozi na Tana, lingali likijadiliwa na wakazi wa huko.