Askofu Muge: Imani iliyothibitishwa kwa vitendo

MTAA wa Kapsoya umo katika mji wa Eldoret, uliokuwa makao ya marehemu Askofu Alexander Kipsang Muge. Anayeuliza hapo iwapo Mkristo huokolewa kwa imani au kwa matendo mema, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Muge, mzaliwa wa Nandi, alikuwa askari wa kikosi cha GSU kabla ya kuingia ukasisi. Mnamo 1983 alitawazwa kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Dayosisi ya Eldoret.

Kanuni 39 za Kanisa lake zafundisha kuwa mja huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, wala si kwa wema wake. Hata hivyo, zaongeza kuwa imani ya kweli haikosi kuzaa matendo mema, kama vile mti utambulikanavyo kwa matunda yake.

Kwa Muge, matunda hayo hayakuwa sadaka pekee. Alikemea ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Alipinga upigaji kura wa mlolongo, uliotumika katika mchujo wa KANU wa 1988. Aidha, alifichua njaa iliyowakumba wakazi wa Pokot Magharibi, jambo lililowaudhi wakuu wa serikali. Waliomlaumu walisema anaingilia siasa. Yeye alikataa kuitenga mimbari na masaibu ya waumini wake.

Mnamo Agosti 1990, aliyekuwa Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia hangetoka akiwa hai. Muge hakutishika. Agosti 14 alifika Busia, akahubiri, kisha akaanza safari ya kurejea Eldoret. Karibu na Kipkaren, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafariki. Okondo alijiuzulu, na wengi hawakukubali kamwe kuwa ile ilikuwa ajali tu. Kabla ya mwaka huo kwisha, KANU iliachana na mlolongo.

Lau wokovu ungekuwa ujira wa kazi, mtu angeweza kukadiria afanye kiasi gani, kisha apumzike. Lakini kwa mujibu wa mafundisho aliyoyahubiri Muge, wokovu ni zawadi, na aliyepewa zawadi hiyo hana kipimo cha kujiwekea. Ndiyo sababu maisha yake hayawapi raha wanaodai kuamini huku wakinyamazia dhuluma.