Büchi, Mtu Aliyeipa Injini Pumzi

Barabara itokayo Isiolo kuelekea mashariki hupita Kulamawe kabla ya kufika Garba Tula na Modogashe. Jina la mji huo mdogo, kwa sikio la mtu wa pwani, ni onyo tosha. Kwa miaka mingi malori yaliyopita huko yalikula mawe kweli, na pamoja na mawe yakala vumbi, vumbi jepesi kama unga, liingialo katika nguo, katika chakula na katika kifua cha injini. Dereva aliyeondoka Isiolo na shehena ya unga na sukari, gari likivuta vizuri, hufika penye kipando kidogo tu akaona moshi mweusi unafuka nyuma na lori limekuwa zito kana kwamba limetia nanga. Hapo hushuka, akafungua chujio la hewa, lile ambalo mafundi huliita eya klina, akaligongagonga kwenye tairi mpaka vumbi limwagike.

Huenda dereva huyo hajapata kulisikia jina la Alfred Büchi. Lakini ule mluzi mwembamba usikikao injini yake inapopanda kasi, yaani sauti ya tabo, ni kazi ya bwana huyo wa Uswisi aliyefariki dunia zamani. Na maradhi yale ya kukosa pumzi ndiyo aliyopigana nayo sehemu kubwa ya maisha yake.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai, 1879, katika mji wa Winterthur. Mji huo ulikuwa wa viwanda, na baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa katika kampuni ya Sulzer, watengenezaji mashuhuri wa mitambo. Mtoto alikulia katika kelele za vyuma. Mwaka wa 1899 akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, na mwaka wa 1903 akatoka na shahada ya uhandisi wa mitambo. Kisha akaenda kutafuta maisha Ubelgiji na Uingereza. Akiwa katika karakana za Carels mjini Ghent, akaingiwa na fikira moja ambayo haikumtoka tena: moto unaopotea bure katika moshi.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Injini ni kama tanuri la mhunzi. Mtu aweza kurundika makaa apendavyo, lakini mivukuto isipopuliza, chuma hakiivi. Kilo moja ya dizeli huhitaji zaidi ya kilo 14 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ya siku zile ilivuta hewa yake kwa pistoni peke yake, nayo ilipata kiasi kilichoweza kuingia, basi. Atakaye nguvu zaidi alijenga injini kubwa zaidi. Wakati huohuo zaidi ya nusu ya moto wa mafuta ulikuwa ukipotea, mwingi ukitokea bomba la moshi, ukienda kuwapasha joto ndege wa angani.

Fikira ya Büchi ilikuwa kuufanya moshi uwe mhunzi. Moshi utokao kwa nguvu uzungushe gurudumu lenye mapezi, na gurudumu hilo, kwa mhimili, lizungushe jingine la kusukumia hewa safi ndani ya silinda. Kitu kilichokuwa taka kikawa mtumishi. Tarehe 16 Novemba, 1905, akiwa na umri wa miaka 26, alipewa hataza yake Ujerumani.

Kuandika ni jambo moja na kutenda ni jingine. Mwaka wa 1909 alirudi kwao akaajiriwa na Sulzer, na mwaka wa 1911 majaribio yakaanza. Mtambo alioujaribu mwaka wa 1915, uliokusudiwa kuzisaidia injini za ndege huko juu ambako hewa ni haba, haukustahimili. Vyuma vya wakati ule havikuuweza moto, na mapezi hayakuwa mepesi wala madhubuti kama alivyotaka. Miaka ikapita. Mtu aliyepewa hataza akiwa kijana alikuwa sasa wa makamo, na kitu chake kikali katika karatasi. Wengi wangetafuta kazi nyingine, na nadhani hakuna ambaye angewalaumu.

Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, hakikuwa kuongeza nguvu ya kupuliza. Kilikuwa kuondoa vizuizi njiani. Aligundua kwamba moshi wa silinda moja, ukipita katika bomba moja na wa jirani yake, humsukuma jirani huyo na kumziba pumzi. Basi akayatenga mabomba, silinda ambazo hazigombani zikapewa njia yao. Tena akapanga valvu ya kuingilia na ya kutokea zibaki wazi pamoja kwa kitambo kifupi, ili hewa mpya ipite moja kwa moja, ifagie masalio ya moshi na kupoza silinda. Mwaka wa 1925, miaka 20 baada ya hataza ya kwanza, injini ikaongezeka nguvu kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100.

Watu wa bahari ndio waliotangulia kufaidi. Meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilitiwa mitambo hiyo, na injini ya nguvu za farasi 1,750 ikafika 2,500. Meli zote mbili ziliangamia siku moja mwezi wa Julai, 1941, zilipogonga mabomu yaliyotegwa baharini karibu na Sweden. Lakini wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kusadiki. Mwaka wa 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilikuwa imetoa injini ya lori yenye tabo, na mwaka huohuo chuo cha Zurich kikamtunuku Büchi udaktari wa heshima.

Ndipo kazi yake ilipoianza safari ya kufika Kulamawe. Tabo ya lori huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo haiumbi hewa. Huvuta ile iliyoachiwa. Chujio likijaa vumbi, au mpira wa kuingizia hewa ukinywea, au bomba likawa jembamba lenye kona nyingi, tabo huvuta kutoka mahali pakavu. Hulazimika kuzunguka zaidi kwa kazi ileile, hewa hutoka ya moto, oili huanza kunyonywa kupitia mihuri yake, na dizeli isiyopata hewa hugeuka masizi. Dawa yake ni chujio kubwa, bomba pana na laini, kona chache, na mdomo wa bomba uinuliwe mpaka usawa wa paa, juu ya wingu la vumbi. Kuligonga chujio la karatasi ni dawa ya safarini tu, kwani karatasi huchanika. Na yule anayeling'oa kabisa ili gari livute hewa ya bure amejinunulia hasara: mchanga hula mapezi ya tabo, kisha kuta za silinda, na lori la familia nzima likabaki juu ya mawe.

Büchi alifariki Winterthur tarehe 27 Oktoba, 1959, akiwa na umri wa miaka 80. Alikuwa ameziona meli, garimoshi na malori yakipumua kwa njia yake. Hakuwahi kuona motokaa ndogo za petroli zenye tabo, zilizotoka Marekani mwaka wa 1962, wala Toyota Celica iliyokuja na tabo yake ikashinda Safari Rally mwaka wa 1984, ikarudia 1985 na 1986. Baadaye wakubwa wa mbio hizo waliona pumzi imezidi, wakaamuru injini ivutie hewa kupitia tundu lisilozidi milimita 34. Mwaka wa 1995 timu ya Toyota ilikamatwa Hispania ikiwa imebuni ujanja wa kupitisha hewa kando ya tundu hilo, ikafungiwa mwaka mzima.