Jacob Le Blon: Alifungua njia ya rangi za printa, biashara ikamshinda

Fungua printa yoyote ya rangi, iwe ya ofisini au ya duka la fotokopi. Mara nyingi ndani utakuta wino wa rangi nne tu: samawati (cyan), majenta (magenta), njano na nyeusi. Lakini picha inayotoka ina kijani, kahawia, zambarau na hata rangi ya ngozi ya mtu.

Njia hiyo ilifunguliwa miaka 300 iliyopita na mchoraji Jacob Christoph Le Blon.

Kutoka Frankfurt

Le Blon alizaliwa mwaka 1667 mjini Frankfurt, Ujerumani. Alijifunza uchoraji, kisha akahamia Amsterdam, Uholanzi, ambako alikuwa akichora picha ndogondogo za watu.

Enzi hizo picha nyingi za kuchapwa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ukitaka rangi, kwa kawaida mtu alikaa chini na brashi akapaka nakala moja baada ya nyingine. Kazi ilikuwa ndefu, na nakala mbili hazikufanana kabisa.

Mwaka 1704 Isaac Newton alitoa kitabu chake kuhusu mwanga, kilichoeleza kuwa mwanga mweupe una rangi saba ndani yake. Le Blon alivutiwa sana na hesabu hiyo. Ila alipoingia kwenye wino aligundua kwamba saba hazihitajiki. Bluu, njano na nyekundu zinatosha kuzaa karibu rangi zote.

Mabamba matatu, picha moja

Alichukua mabamba ya shaba, moja kwa kila rangi. Kila bamba lilikwaruzwa lote hadi likawa na vinyweleo vya kushika wino, halafu sehemu zinazotakiwa kung'aa zikasuguliwa ziwe laini.

Karatasi moja ilipita kwenye mabamba yote, rangi juu ya rangi. Baadaye akaongeza bamba la nne, la nyeusi, ili vivuli vikolee.

Kwa maelezo ni rahisi, shughuli ilikuwa kwenye kutenda. Karatasi ililoweshwa kidogo kabla ya kuchapwa, na karatasi yenye unyevu hutanuka. Ikisogea kidogo tu, mdomo wa mtu unahamia shavuni. Wino ukizidi kwenye bamba la bluu, uso unageuka kama wa mgonjwa.

Isitoshe, mabamba ya aina ile huchakaa haraka. Nakala za mwanzo zinatoka zimekolea, za mwisho zimepauka.

Kipimo hakikuwepo. Kipimo kilikuwa jicho la Le Blon mwenyewe.

Pesa za watu London

Mwaka 1719 Mfalme George I wa Uingereza alimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni London, watu wakanunua hisa. Mpango ulikuwa kuchapa nakala za michoro ya wasanii wakubwa na kuziuza kwa bei ambayo wengi wangeimudu.

Picha zilitoka, na zile nzuri zilipopakwa vanishi zilionekana kama michoro halisi ya mafuta. Tatizo ni kwamba gharama zilikuwa kubwa na ubora ulipanda na kushuka. Nyingine zilihitaji kurekebishwa kwa brashi, kazi ileile ambayo mashine ilitakiwa kuiondoa. Ndani ya miaka michache kampuni ikaanguka, na waliowekeza wakapoteza pesa zao.

Jamaa hakukata tamaa. Mnamo mwaka 1725 alitoa kitabu kidogo kuhusu kuchanganya rangi, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kisha akajaribu kutumia wazo lilelile kwenye kufuma mazulia ya ukutani yenye picha. Hilo nalo likakwama.

Akahamia Paris. Mwaka 1737 Mfalme Louis XV alimpa haki ya kutumia mbinu yake Ufaransa. Le Blon alikuwa na miaka 70, akaanza upya na wanafunzi. Alifariki huko mwaka 1741, na kazi ikaendelezwa na wengine.

Alichokosa, leo kipo

Wazo la Le Blon halikuwa na kasoro. Alichokosa ni namna ya kuhakikisha nakala ya elfu inafanana na ya kwanza.

Leo kazi hiyo hufanywa na vifaa. Kwenye viwanda vikubwa vya uchapaji, kamera hukagua karatasi zikiwa zinakimbia na kutoa taarifa rangi ikihama au doa likitokea. Vipima rangi husoma kiasi cha wino, na mashine yenyewe huongeza au kupunguza. Hata printa ya ofisini ina hatua ya kusawazisha rangi, ile inayochapa vibanda vya rangi kabla ya kazi kuanza.

Baadhi ya picha za Le Blon bado zipo, zikiwemo zilizohifadhiwa British Museum, London.

Alama ya tatizo lake unaweza kuiona hata nyumbani. Kunjua boksi la biskuti au la dawa ya meno, angalia sehemu iliyofichwa kwenye mkunjo. Mara nyingi utakuta vidoti vidogo vya rangi vimepangwa mstari. Vimewekwa pale ili mchapaji, au kamera yake, ajue kama rangi zimekaa mahali pake.