Mirambo, Mtemi wa Urambo

Zamani, kabla Wazungu hawajaitawala nchi, palikuwa na mtemi mmoja huko Unyamwezi, kusini ya Usukuma, ambaye sifa zake zilienea tangu pwani hata Ziwa Tanganyika. Jina lake Mirambo. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1840, na baba yake alikuwa mtemi wa nchi ndogo ya Uyowa, upande wa magharibi wa Tabora.

Siku zile Tabora palikaa Waarabu wafanyao biashara ya pembe na watumwa. Walikuwa na bunduki nyingi, wakawadharau watemi wa bara. Mtemi wa Unyanyembe walikwisha kumwondoa, wakaweka mwingine waliyempenda. Mirambo aliyaona hayo, akakusanya vijana hodari walioitwa rugaruga, akawapa bunduki. Kila nchi aliyoishinda, vijana wake waliongezwa katika jeshi lake.

Hata mwaka wa 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakatoka kumpiga, pamoja na msafiri Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Wakateka vijiji, lakini walipokuwa wakirudi na nyara, Mirambo aliwavizia katika majani marefu kando ya njia, akawaua wengi pamoja na kiongozi wao. Waliosalia wakakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma moto nyumba nyingi. Sultani Barghash wa Unguja alipeleka askari, wasimshinde. Vita viliendelea hata mwaka wa 1875, vijiji vikateketea na mashamba yakaachwa.

Vita hivyo viliwabadili watu wa pande zote mbili. Waarabu walijifunza kwamba mtemi wa bara si wa kudharauliwa, wakafanya amani naye. Mirambo naye alijifunza kwamba njia iliyofungwa haileti mali. Akaifungua, akatuma wajumbe Unguja kutafuta urafiki wa Balozi wa Waingereza. Mwaka wa 1876 Stanley alikutana naye. Alidhani ataona mnyang'anyi mkali, kumbe aliona mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu. Wakachanjiana, wakawa ndugu. Mwaka wa 1879 Mirambo alimkaribisha mganga wa misioni, Southon, akae Urambo.

Lakini jeshi lililozoea nyara halikuweza kukaa bure, na vita vya kuwapiga majirani havikukoma. Mwaka wa 1880 Waingereza wawili waliuawa katika vita vya watu wake huko Mpimbwe, na urafiki alioutafuta kwa bidii ukaharibika.

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884, kwa ugonjwa wa koo. Miaka michache baadaye nchi zile alizoziunganisha zilikuwa zimetawanyika, kila mtemi kwake. Wadachi walipofika mwaka wa 1890, hawakukuta tena dola ile kubwa. Bunduki ziliijenga upesi, lakini aliyeishika pamoja alikuwa mtu mmoja tu, na siku alipokufa hakuwako mwingine wa kuishika.