Tom von Prince, Bwana Sakarani aliyefia Tanga

Sanamu ya Askari pale Posta inawakumbuka Waafrika waliopigania Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Miongoni mwa maofisa wa upande wa Wajerumani waliouawa alikuwa Kapteni Tom von Prince.

Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, akawa mwanajeshi wa Ujerumani. Wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Mwaka 1894 alishiriki kuivamia Kalenga, ngome ya Mkwawa, kisha akajenga boma la Iringa na kumsaka mtawala huyo wa Wahehe hadi alipojiua mwaka 1898.

Baadaye aliacha jeshi, akawa mkulima Usambara. Vita vilipozuka alirudi kupigana chini ya Lettow-Vorbeck. Aliuawa Tanga, Novemba 4, 1914, katika mapigano ambayo Wajerumani walishinda.

Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.