Roget na ng'ombe wangu

Kwenye insha niliandika kwamba ng'ombe walifariki kwa ukame. Mhadhiri akalizungushia neno wino mwekundu. Nilitaka neno zito, basi. Ndipo nikamfuatilia baba wa kamusi za visawe, Peter Mark Roget, daktari aliyezaliwa London mwaka 1779. Mwaka 1805 alijitungia orodha ya maneno ya kumsaidia kuandika, akayapanga kwa maana, si kwa alfabeti. Akaitumia mwenyewe miaka na miaka. Kitabu kikachapwa 1852, mzee ana miaka 73! Maneno aliyaweka jirani bila kuyaeleza. Kuchagua kakuachia wewe. Sisi tunachomoa lile zito tuonekane wasomi. Roget alifariki mwaka 1869, sawa. Ng'ombe wangu walikufa tu.